Walimwomba injinia "mashine ya kinga": tulivyobuni kinu na wateja wa Bunia wakati wa vita

Wakuu, nawasalimu nikiwa Mwanza, mvua inanyesha na umeme unakonyeza. Mkiona nimekatika katikati msidhani nimekimbia maswali.

Nitakayoandika hapa mengi niliyaona kwa macho yangu. Machache nilisimuliwa, na nikifika hapo nitasema nimesimuliwa. Chumvi sitii, maana enzi zile kwetu chumvi yenyewe ilikuwa ya kutafuta.

Kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki. Majuzi kazini aliletwa mshauri wa biashara, kijana kavaa suti ya bluu, akatufungia ukumbini kutufundisha kitu anakiita co-creation. Kwamba kiwanda kikubwa kisijifungie ndani kubuni bidhaa peke yake. Kiwaite wateja wake, hasa wale wanaonunua mashine kwa ajili ya biashara zao, wakae pamoja wabuni pamoja. Alikuwa na picha za vikaratasi vya rangi vimebandikwa ukutani.

Nilimsikiliza kwa adabu. Lakini moyoni nikasema, mdogo wangu, hiyo kitu sisi tuliifanya Bunia wakati wa vita, na ukuta wa kubandikia karatasi hatukuwa nao.

Sasa nianze.

Mimi ni mtoto wa Bunia, Ituri, mashariki ya Kongo. Wengi humu mnanijua kwa ubishi wangu kwenye nyuzi za magari, kwetu hamkujui. Miaka ile ya vita nilikuwa kijana, nimesomea umekanika, Kifaransa ninacho, kazi sina. Makabila ya vita ile sitayataja. Anayejua anajua, na asiyejua hatapungukiwa kitu.

Kulikuwa na kiwanda kikubwa cha mashine katika nchi ya jirani. Jina naliacha, kilishauzwa na waliokinunua hawahusiki na haya. Kilikuwa kinatengeneza vinu vya kusaga nafaka, vile vya dizeli, na Ituri ilikuwa soko lake zuri. Kwetu bila unga wa muhogo na mahindi hakuna bugali, na bila bugali hakuna mtu aliyekula, hata kama amekula.

Vita ilipochachamaa oda za vinu zikakauka. Wakubwa wa kiwanda wakasema watu wa Ituri wamefilisika.

Sivyo. Kambi za waliokimbia vijiji zilijaa watu, wote wanataka unga. Wenye biashara ya kusaga walikuwa na kazi kuliko wakati wowote. Walichokataa ni kununua kinu kipya cha kiwanda kile, na hakuna mtu kiwandani aliyejua kwa nini.

Kwa hiyo wakamtuma mkuu wao wa kubuni mashine aje akae na wateja. Huyo ndiye Injinia Salim.

Salim alikuwa mtu wa Tanga. Mnene kiasi, mcheshi, hodari sana wa chuma. Na Kiswahili chake, wakuu, kilikuwa kitamu, hilo simnyimi. Akikuomba maji unatamani kumletea pipa.

Mimi nilichukuliwa niwe mwenyeji wake na mkalimani. Siku ya kwanza tu akanipangia mipaka ya kazi. Nitamtafsiria Kifaransa cha maofisini. Kiswahili, alisema, hakihitaji mkalimani, yeye amezaliwa nacho na anaweza hata kukifundisha.

Nikamjibu sawa, bosi.

Mkutano ulifanyika kwa Mama Dorika, mtaa wa Nyakasanza. Mama Dorika alikuwa msemaji wa wenye mashine za kusaga wa mji. Mwanamke mwembamba, sauti ya chini, lakini akiongea wanaume wanaacha kutafuna. Alikuwa mjane. Alikimbia kutoka kijiji kimoja barabara ya kwenda ziwani, na pale mjini alikuwa anaishi na watoto wake na mama mkwe wake, bibi ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kumkatalia, pamoja na shemeji yake Floribert, fundi wa kuchomelea. Kazi ya kusaga mama alikuwa anaifanya kwa mashine kuukuu ya kukodi.

Watu wakaja, viti vikapangwa uani. Bahati mbaya asubuhi ileile nikatakiwa kwenda kugongesha muhuri karatasi za mgeni. Bunia ya wakati ule ilikuwa inabadilisha wakubwa mara kwa mara, na kila mkubwa alikuja na muhuri wake. Karatasi iliyogongwa na mkubwa wa juzi ilikuwa inaweza kukuletea matatizo leo.

Nilikaa kwenye benchi la ofisi ile mpaka jua likageuka. Niliporudi mkutano umekwisha, watu wanakula bugali na sombe, kisamvu chetu, na Salim amekaa katikati yao uso unang'aa.

Njiani akanieleza. Alisema amezunguka nchi nyingi kuuliza wateja wanataka nini, na hajawahi kupata jibu lililonyooka kama la Bunia. Hawa watu wanataka usalama. Wanataka mashine isiyoumiza mtu. Wote walisema kitu kimoja, hadi yule mama msemaji alisimama akarudia mara mbili. Wengine walimwonyesha kwa mikono, wanazungusha ngumi mbili mbele ya kifua hivi, kama mkanda unavyozunguka kwenye puli.

Nikafikiria nikaona inaweza kuwa kweli. Mstari wa mbele kabisa alikuwa amekaa Mzee Lobo, mwenye kinu cha kule sokoni, ambaye mkanda ulishamla vidole viwili. Nikadhani wameongelea vidole vya Mzee Lobo.

Salim akapanda ndege ndogo akaondoka. Mimi nikabaki kungoja.

Hapa niwape pumzi kidogo. Wale mnaodhani Kiswahili ni kimoja, shikilieni viti vyenu.

Ilipita miezi. Mapigano yakaja yakapita, mji ukapata mkubwa mwingine na muhuri mwingine. Halafu lori likaingia kutoka mpakani, Salim amekaa mbele na dereva, na nyuma kuna kitu kimefunikwa turubai. Mashine ya majaribio. Kabla hajashuka akanitangazia kwamba kiwanda kimeitengeneza moja tu, kwa ajili yetu, na wenye mashine wakiikubali zitafuata nyingine.

Watu wakajaa uani kwa Mama Dorika. Turubai likatolewa.

Wakuu, kilikuwa kinu kilekile cha zamani, ila sasa kimejengewa nyumba. Mkanda umefunikwa chuma. Puli imefunikwa chuma. Mdomo wa kumiminia mahindi umewekewa kizimba. Pembeni kuna mageti ya nondo yenye bawaba. Kuku angeingia humo angehitaji ramani ya kutokea.

Kukishusha tu wanaume walipiga kelele za kusukumana mpaka majirani wakaja kuangalia. Kikatua chini, ardhi ikaitika. Mzee Lobo akajaribu kukiinua upande mmoja, hakikutikisika. Akajinyoosha, akashika kiuno, akamwambia Salim, "Injenyeri, iko nguvu."

Salim akatabasamu. "Ahsante sana, mzee."

Na wengine wakaitikia, iko nguvu, iko nguvu sana. Salim akatoa kamera akaanza kuwapiga picha.

Pale ndipo nilianza kusikia harufu ya moshi. Kwetu, ukisema kitu "iko nguvu", hukisifii. Unasema ni kigumu, kinakushinda. Kazi nguvu ni kazi ngumu, na bei nguvu ni bei inayokufukuza dukani. Wale watu walikuwa wanamlalamikia, na yeye anawapiga picha.

Sijafungua mdomo, Mama Dorika akasogea mbele. Alikuwa amevaa kitenge cha kutokea, mtu unaona kabisa siku hii alikuwa ameingoja. Akaizunguka mashine yote. Akachungulia nyuma ya lori. Akarudi.

"Na kinga iko wapi?"

Salim akapiga lile geti la nondo kwa kiganja. "Si hii hapa, mama."

"Hii?"

"Hii. Na hii. Na hii ya mkanda. Kinga kila upande, kama mlivyoniagiza."

Mama Dorika akamtazama usoni kuona kama anataniwa. Halafu akanigeukia mimi.

Wakuu, kwetu Bunia kinga ni baiskeli.

Ndiyo hiyohiyo ya magurudumu mawili. Hakuna anayeiita baiskeli kwetu, labda mgeni. Walipomwambia Salim wanataka mashine ya kinga, walikuwa wanaomba mashine unayoweza kuipakia kwenye baiskeli ukaondoka nayo. Na zile ngumi mbili zilizokuwa zinazunguka mbele ya kifua zilikuwa pedali.

Nikamweleza pale pale mbele ya watu, kwa Kiswahili chake cha Tanga, taratibu. Nilimwona anavyoelewa. Kwanza midomo, halafu macho, halafu akakaa chini juu ya tairi la akiba.

Mimi nikacheka. Siwezi kuwadanganya, nilicheka mpaka machozi, Mzee Lobo naye akacheka, uani kote wakaangua kicheko. Watu waliokuwa hawajacheka muda mrefu waliishikilia ile nafasi kwa mikono yote miwili.

Mama Dorika hakucheka. Aliingia ndani akafunga mlango.

Kicheko kikafa chenyewe. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja. Salim akaniuliza kwa sauti ndogo amemkosea nini yule mama, maana kosa la neno ni kosa la kuchekwa tu, haliwezi kumfungia mtu ndani.

Aliyetujibu ni Floribert. Hii sikuiona, ndiyo ile sehemu niliyowaambia nimesimuliwa, na aliyenisimulia alikwenda mwenyewe kuzika.

Kule kijijini mume wa mama, Baba Dorika, alikuwa na kinu cha kiwanda kilekile. Kilinunuliwa na ukoo mzima, ndugu walichanga, ng'ombe waliuzwa. Fundi wa kiwanda alikuja akakifunga kwenye sakafu ya saruji kwa bolti nne, kama kitabu cha kiwanda kinavyoagiza. Siku washambuliaji walipokuja, Baba Dorika alimwambia mke wake atangulie na mama yake na watoto. Yeye anafungua bolti tu, anawafuata nyuma.

Floribert aliporudi kuzika alimkuta kaka yake pale pale kwenye mashine. Bolti tatu zilikuwa zimefunguka. Ya nne kutu iliishika.

Floribert akasema, "Ile mashini haikumuua. Ila ilimufunga pale. Njo sababu shemeji hataki tena mashini ya simenti."

Jioni ile Salim hakula. Mimi nilikuwa nimemzoea kama mtu wa maneno, na nikamhurumia kuona maneno yamemwishia, maana kile kitabu cha kiwanda kinachoagiza bolti nne kwenye saruji alikuwa amekiandika yeye.

Lakini mtu hupimwa asubuhi yake. Kesho yake Salim alimwendea Mama Dorika, akakaa kwenye kigoda, akamwomba msamaha bila kuzunguka. Halafu akasema jambo ambalo yule kijana wa suti ya bluu hakulitaja kwenye picha zake zote. Alisema hataki tena kuambiwa wanataka nini, kwa sababu hata akiambiwa atasikia ya kwao Tanga. Anaomba waonyeshe walivyokimbia.

Mama Dorika akamwita Floribert walete kinga.

Nikiikumbuka ile asubuhi naona ajabu mpaka leo. Watu wazima, wenye mashine zao, walioanza kurudi kidogo kidogo kuona kuna nini, wakawa wanamwonyesha mgeni jinsi ya kukimbia. Mmoja anaeleza unachochukua kwanza. Mwingine anasema hapana, godoro halichukuliwi, godoro linashika upepo. Mzee Lobo akafunga gunia la mchanga nyuma ya kinga akaonyesha ukipanda kilima unalisukuma kwa bega, siyo kwa mikono. Salim akavua viatu akalisukuma mwenyewe kutoka uani hadi kwenye barabara kubwa na kurudi, jasho linamtoka kama bomba, watoto wa mtaa wanamshangilia.

Aliporudi hoi akasema sasa ameelewa uzito. Injini peke yake kinga moja. Kinu peke yake kinga ya pili. Vikikutana, viwe mashine.

Kisha wakaanza kazi. Ile mashine yenye nyumba ikaburuzwa hadi kwenye gereji ya Floribert, na Salim akaikata kwa mikono yake mwenyewe. Mageti yote yakaondoka. Kifuniko cha mkanda tu ndicho alichokiacha, akasema kinga moja ya Tanga ibaki kwa heshima ya vidole vya Mzee Lobo. Mzee akakubali, akasema vilivyobaki anavipenda.

Siwadanganyi kwamba kila kilichosemwa na mteja kilifanyika. Mmoja alitaka mashine iwe na mahali pa kuchajia redio. Mwingine alitaka ipakwe rangi ya majani isionekane porini. Salim alisikiliza vyote na vingi akavikataa, na walibishana sana. Ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa namna ya kuifunga.

Salim alitaka bolti. Ndogo, nzuri, zisizoshika kutu, lakini bolti. Alieleza kwamba kinu kinatetemeka kikisaga, kikifungwa vibaya kitaruka.

Mama Dorika akasema hapana bolti. Hataki spana ndani ya jambo hili. Anataka misumari ya kuvuta kwa mkono.

Salim akamchorea chini kwenye vumbi msumari wa chuma wenye pete ndogo ya kuingiza kidole. Mama akaufuta kwa mguu.

"Ile siku mukono itakuwa inatetemeka, Injenyeri. Unitengenezee musumari ya mukono yenye kutetemeka."

Mimi nilikuwa nimeshika tochi ya kuangazia chini ya mashine, nikainamisha uso kama vile natafuta kitu.

Salim akatengeneza misumari miwili minene yenye pete pana ya kuingia mkono mzima, hata uwe umefumba macho. Ikifungwa mashine mahali pa kazi, au ikipakiwa kwenye kinga, ni misumari ileile miwili inayoshika. Chini akaweka mpira wa tairi kumeza mtetemo. Nyuma ya kinga ya Mama Dorika akachomelea bamba la chuma la kukalia kinu. Tukaisagisha mahindi, halafu muhogo mkavu, na misumari haikuchomoka. Mama akafunga na kufungua, akafunga na kufungua, mpaka Floribert akamwambia shemeji inatosha, utaichosha.

Safari hii alipomaliza alikuwa anacheka. Jino moja la pembeni halikuwepo, sikuwahi kuliona pengo hilo kabla.

Salim akapata nafasi ya kuwapigia wakubwa wake kwa simu ya setilaiti ya mfanyabiashara mmoja. Nilisimama karibu yake. Wakubwa wakamjibu kwamba wazo ni zuri lakini lina tundu: mashine inayotoka kwa kuvutwa na mkono ni zawadi kwa mwizi. Atavuta naye aondoke. Wakasema warudi kwenye bolti au waache kabisa.

Hoja ilikuwa na akili, tukubaliane. Salim akaileta kwa Mama Dorika kama ilivyo.

Mama akasema, "Wakiiba mashini, nitalia. Nitalia niko muzima."

Salim akarudi kwenye ile simu akawatajia wakubwa wake maneno hayo. Aliniambia walimwomba ayarudie. Halafu wakamwambia arudi, watatengeneza chache za kuanzia. Ile ya majaribio akamwachia Mama Dorika.

Na mimi akaniahidi kazi kiwandani, ya kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Salim alikuwa ameshaondoka mji ulipolipuka. Mliokuwepo mnajua ninachosema, wengine niacheni nisiwaeleze. Asubuhi ile kila mtu alikamata barabara iliyokuwa karibu naye. Mimi barabara iliyokuwa karibu ilinipeleka ziwani na kuvuka. Watu wengi walishika njia ya kusini, kwa miguu, kuelekea Komanda hadi Beni, mwendo wa kuchubua nyayo. Nilisikia akina Mama Dorika walionekana huko. Zaidi ya hapo sikujua, na nilikuwa naogopa kuuliza.

Nikafika kiwandani. Salim alinipokea kama ndugu. Kila siku alikuwa ananiuliza habari za mama, na mimi kila siku sina.

Siku moja tuko karakana, karani akaja mbio, kuna mwanamke anapiga kutoka Beni, simu ya kulipia, anataka Injenyeri au mtoto wake wa Kifaransa. Nikaipokea mimi. Ilikuwa sauti ileile ya chini.

Akanisalimia, akaniuliza afya, akaniuliza kama nakula. Halafu akanisimulia, nami nawasimulieni.

Waliondoka Bunia kama tulivyofanya mazoezi. Floribert kinga yenye injini, yeye kinga yenye kinu. Watoto walitangulia mbele, mama mkwe alitembea katikati yao, ameshika bamba la chuma kujivuta. Mchana wa kwanza alitembea. Halafu kwenye kilima kimoja bibi akakaa chini kando ya njia, akasema yeye amefika, wao waende. Nyuma yao milio ilikuwa inasogea. Watu waliwapita kama maji.

Mama Dorika akashika zile pete mbili, akavuta. Kinu kikaanguka kwenye majani. Akampandisha mama mkwe juu ya bamba, akamfunga kwa kitenge, akasukuma kwa bega. Floribert hakujua mpaka alipogeuka juu ya kilima.

Walifika Beni wote. Alichopigia simu ni kutuambia kwamba injini anayo, inawaka, ila kinu hana. Kama kiwanda kinaweza kumpatia nusu ya mashine, atalipa polepole kwa kusaga.

Salim alikuwa amesimama karibu yangu anasikia mabaki ya sauti. Akaniomba simu. Kwa miezi ile alikuwa amejifunza Kiswahili chetu, kwa bidii ya mtu anayelipa deni. Akasalimia, kisha akauliza kwa namna ya kwetu kabisa:

"Mama, kutoa ile kinu ku kinga, ilikuwa nguvu?"

Nikamsikia akijibu, maana alipaza sauti kidogo.

"Hapana, Injenyeri. Haikukuwa nguvu. Nilivuta tu."

Salim akanirudishia simu akatoka nje. Alisimama kule kwenye vyuma chakavu, mgongo kwetu, muda mrefu kiasi kwamba karani aliniuliza kama amefiwa. Nikamwambia hapana, kinyume chake.

Kinu kilienda Beni na gari la kwanza lililokubali. Kiwanda kikaendelea kutengeneza ile mashine, na Salim akasisitiza iitwe Kinga. Huku Tanzania iliuzwa vizuri tu, na wateja wengi waliamini jina ni kwa sababu ya kile kifuniko cha mkanda. Hatukuwasahihisha.

Nilichojifunza mimi, wakuu, ni kwamba mteja hawezi kukupa wazo lote kwa mdomo, hasa pale neno lake na neno lako yanapofanana sura. Lile neno linalokushinda kabisa utaenda kuliuliza. Lile unaloamini unalijua ndilo linalokupeleka na lori la mzigo usioombwa. Mwombe akuonyeshe, na wewe vua viatu usukume. Na kitu kizuri tulichobuni pamoja kule Bunia hakikuwa mashine ya kubeba. Kubeba watu walikuwa wanajua tangu zamani. Ilikuwa mashine inayokubali kuachwa.

Yule mama mkwe alirudi Bunia amani ilipokuja, na Mama Dorika na Floribert. Aliishi miaka mingi baada ya pale akiwagombeza wote wawili. Alikufa kitandani kwake, ameshiba, wajukuu wamejaa nyumba. Kwa kizazi chetu hiyo ni habari ya kusherehekea.

Haya, jukwaa ni lenu. Waliowahi kuponzwa na neno wanaloamini wanalijua waseme hapa, na wauzaji wa mashine mje mbishane nami, nipo. Na kama kuna mtu yuko Bunia anasoma, ukimwona mama mzee Nyakasanza anasukuma kinga yenye bamba la chuma nyuma, mwambie mtoto wa Kifaransa wa Injenyeri anamsalimia, atajua. Juzi Floribert kaniambia mama ameshauriwa mara nyingi alitoe lile bamba, halina kazi tena, na anakataa.